Mchezo wa Reli katika Kompyuta na Hesabu ya Njia ya Ngara na Biharamulo

Mtu asimamaye kando ya barabara kuu pale Lusahunga, wilayani Biharamulo, kwa muda wa saa moja tu, hujionea somo zima la uchumi wa usafirishaji. Malori yenye matrela hutoka upande wa Nyakanazi yakiwa yameelemewa na saruji, mafuta, mbolea na makontena yaliyoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Huendelea hadi Nyakahura na Benako, na kutoka hapo mengine huelekea Rusumo kuingia Rwanda, na mengine Kabanga kuingia Burundi. Yarudipo, mengi huwa mepesi, na matrela yake hurukaruka barabarani kwa kuwa hayana kitu ndani. Shehena iendayo upande huu kwa reli huishia Isaka, mkoani Shinyanga, ambako hupakuliwa na kupandishwa juu ya malori. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo hakuna hata kilomita moja ya reli.

Wananchi wa wilaya hizo wamekuwa wakiuliza kwa miaka mingi: kwa nini gari moshi halifiki kwetu? Swali hilo ni la haki, nalo limepata uzito zaidi tangu Taifa lianze kujenga reli mpya ya kiwango cha kimataifa. Majibu yatolewayo huwa mafupi mno. Wengine husema fedha hazitoshi, wengine husema hakuna mzigo, na wengine husema ni vilima. Majibu yote matatu yana ukweli ndani yake, lakini yakitajwa mbalimbali hayamwelimishi mtu. Lililo muhimu ni namna fedha, mzigo na vilima vinavyofungamana katika hesabu moja.

Iko njia rahisi ya kulielewa fungamano hilo, nayo ni mchezo. Katika makala haya tutaeleza michezo ya zamani ya kompyuta iigayo kazi ya kujenga reli na kuendesha shirika lake, jinsi ilivyoundwa na kanuni inazozifuata. Kisha tutazipeleka kanuni hizo Ngara na Biharamulo, tuone zinatufundisha nini na zinatuficha nini.

Asili ya mchezo

Mchezo wa namna hii haukuanzia katika kompyuta. Mwaka 1974 Mwingereza mmoja, Francis Tresham, alitoa mchezo wa mezani ulioitwa 1829. Wachezaji walinunua hisa za makampuni ya reli ya Uingereza, wakapanga vipande vya njia juu ya ramani, na kugawana faida. Mwaka 1986 alifuatisha mchezo wa pili, 1830, uliohusu Marekani. Mmoja wa watu walioutayarisha mchezo huo kwa ajili ya kuchapishwa alikuwa Bruce Shelley, ambaye baadaye alikwenda kufanya kazi na mtunzi wa michezo ya kompyuta aitwaye Sid Meier katika kampuni ya MicroProse.

Mwaka 1990 wawili hao walitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa Railroad Tycoon. Mchezaji hupewa nchi isiyo na reli, fedha za kuanzia ambazo sehemu yake ni hisa za watu na sehemu ni mkopo, na injini dhaifu za wakati wa zamani. Kutoka hapo hana budi kuchagua miji ya kuunganisha, kutandika reli, kujenga stesheni na madaraja, kununua injini na kupanga mabehewa. Miaka hupita upesi mbele ya macho yake. Injini mpya hubuniwa, biashara husitawi na kudorora, na makampuni ya wapinzani hujaribu kununua hisa zake ili yamnyang'anye shirika.

Mwaka 1994 kampuni hiyohiyo ilitoa mchezo wa Transport Tycoon, uliotungwa na Chris Sawyer wa Uskoti. Huu uliongeza malori, mabasi, meli na ndege, hata reli ikalazimika kushindana na barabara. Tangu mwaka 2004 watu wa nchi mbalimbali wameuandika upya kwa kujitolea kwa jina la OpenTTD, na mtu yeyote anaweza kuupata bila malipo na kuuchezea hata kwenye kompyuta kuukuu. Ndiyo maana michezo hii, ijapokuwa ni ya kale kwa kipimo cha kompyuta, ingali hai.

Kompyuta huigaje reli?

Kompyuta haina reli ndani yake, wala haina mlima. Ina tarakimu tu. Nchi nzima hugawanywa katika miraba midogo kama karatasi ya hesabu, na kila mraba huandikiwa tarakimu chache: urefu wake kutoka usawa wa bahari, kama ni maji au nchi kavu, kama una nyumba, shamba au mgodi, na kama reli imepita juu yake. Treni nayo ni orodha ya tarakimu: ipo mraba gani, inakwenda kwa kasi gani, imebeba nini, na imekuwa njiani siku ngapi.

Kisha kompyuta hurudia kazi moja bila kuchoka. Huchukua hali ya sasa, huitumia kanuni iliyowekwa na mtunzi, hupata hali mpya, na kuanza tena. Mgodi huongeza tani kadhaa katika stesheni, treni husogea hatua moja, riba hukatwa mwishoni mwa mwaka. Kila kanuni peke yake ni rahisi kiasi cha kueleweka na mwanafunzi wa shule ya msingi, lakini zikitendeka pamoja mara maelfu huzaa mambo ambayo hata mtunzi hakuyatarajia. Jambo hili ndilo wanasayansi waliitalo kielelezo, yaani mfano mdogo wa kitu kikubwa, uliojengwa ili tuujaribu bila kukidhuru kitu chenyewe. Wahandisi hutumia vielelezo vya jinsi hiyo kupima daraja kabla halijajengwa, na waganga wa afya ya jamii kukadiria mwenendo wa maradhi.

Kanuni kuu za michezo hii zaweza kuelezwa kwa ufupi. Ya kwanza ni kwamba malipo ya shehena hutegemea wingi wake, umbali iliosafiri na muda iliokaa njiani. Abiria na barua hupoteza thamani upesi zikichelewa, lakini makaa ya mawe huvumilia. Ya pili ni kwamba stesheni isiyohudumiwa vizuri hukimbiwa. Katika mchezo wa Transport Tycoon, treni zikipita mara chache, au zikiwa kuukuu na za mwendo wa polepole, kiwandani hutoka mzigo mchache zaidi kwenda stesheni hiyo. Ya tatu ni kwamba deni hulipiwa riba, iwe treni zimepata mzigo au hazikupata.

Kanuni hiyo ya tatu ndiyo humshinda mwanafunzi wa mchezo. Hukopa fedha nyingi, hujenga njia ndefu na nzuri hadi mji wa mbali, na kabla treni ya tatu haijafika, riba imekwisha kummaliza. Hajafanya kosa lolote la uhandisi. Reli yake imenyooka na madaraja yake ni imara. Alichokosea ni hesabu ya mzigo.

Hesabu ya kwenda na kurudi

Tuichukue hesabu hiyo tuifanye kwa kalamu. Tarakimu zifuatazo tumezibuni kwa ajili ya mfano, wala si gharama za reli yoyote iliyopo. Fedha yetu tutaiita sarafu.

Tuseme njia ya kilomita 300 inajengwa kwa sarafu 1,000 kila kilomita. Gharama ya ujenzi ni sarafu 300,000, nazo zimekopwa kwa riba ya asilimia 5. Kwa hiyo kila mwaka riba peke yake ni sarafu 15,000. Utunzaji wa njia, mishahara ya mafundi na walinzi wa stesheni ni sarafu 9,000. Jumla ni sarafu 24,000 kwa mwaka, ambazo hazina budi kulipwa hata kama hakuna treni itakayopita.

Sasa tuwe na treni ibebayo tani 500. Kila tani hulipiwa sarafu 3 kwa safari nzima. Kuiendesha treni ikiwa imejaa hugharimu sarafu 500, ikiwa tupu hugharimu 250, na ikiwa nusu hugharimu 375.

Treni ikienda imejaa na kurudi tupu, hupata sarafu 1,500 na kutumia 750. Hubaki 750. Ili kulipa zile sarafu 24,000 yahitajiwa kwenda na kurudi mara 32 kwa mwaka.

Treni ikienda imejaa na kurudi na nusu ya mzigo, hupata sarafu 2,250 na kutumia 875. Hubaki 1,375. Safari 18 zatosha.

Treni ikienda imejaa na kurudi imejaa, hupata sarafu 3,000 na kutumia 1,000. Hubaki 2,000. Safari 12 zatosha.

Msomaji atazame vizuri tofauti iliyopo kati ya 32 na 12. Reli ni ileile, injini ni ileile na nauli ni ileile. Kilichobadilika ni mzigo wa kurudi tu. Yale matrela yanayorukaruka pale Lusahunga yanatupa habari hiihii. Nchi za ndani huagiza vitu vizito, kama mafuta, saruji na mbolea, na huuza nje vitu ambavyo vina thamani lakini si vizito sana, kama kahawa na chai. Lori lirudilo tupu humpa mwenyewe hasara ya safari moja. Reli irudishayo mabehewa matupu mwaka hata mwaka huwa na deni lisilokwisha.

Kwa sababu hiyo, wapangaji wa reli wanapoitazama Ngara, jicho lao huangukia haraka juu ya kilima cha Kabanga. Uchunguzi wa miaka ya 1970 ulionyesha kuwa chini ya ardhi ya wilaya hiyo kuna nikeli, pamoja na shaba na kobalti. Nikeli hutumika katika chuma kisichoshika kutu na katika betri. Mwaka 2021 Serikali na wawekezaji waliunda kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Serikali ina hisa za asilimia 16, ili madini hayo yachimbwe. Mgodi mkubwa wa jinsi hiyo, ukifanya kazi, ndio uwezao kuyajaza mabehewa ya kurudi. Biharamulo nayo ilikuwa na mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2005 na baadaye kuchukuliwa na shirika la umma. Lakini dhahabu, kwa kadiri ilivyo ya thamani, haiijengi reli, kwa kuwa dhahabu ya mwaka mzima huweza kuchukuliwa na ndege ndogo. Huo nao ni mfano mzuri wa kanuni ya mchezo, kwamba reli huishi kwa uzito wa mzigo.

Vilima na nguvu ya kuvuta

Tumekwisha kuona fedha na mzigo. Vilima navyo vina hesabu yake, na hapa fizikia huingia.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huviringika kwa urahisi wa ajabu. Kwenye njia tambarare iliyonyooka, nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 2 au 3 hutosha kuendeleza mwendo wa tani moja. Tuchukue kilo 2.5. Maana yake ni kwamba kama tungefunga kamba kwenye behewa la tani moja, tukaipitisha juu ya kapi na kuning'iniza kilo 2.5 mwisho wake, behewa lililokwisha kuanza kwenda polepole lingeendelea kwenda. Gurudumu la mpira la lori juu ya lami huhitaji kiasi cha mara tatu ya nguvu hiyo au zaidi. Kwenye uwanda, basi, reli hushinda kwa mbali.

Lakini njia ikianza kupanda, mambo hubadilika. Kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100, kila tani huongeza uzito wa kuvuta wa kilo 10, iwe ni ya treni au ya lori. Treni iliyohitaji kilo 2.5 kwa tani sasa huhitaji 12.5, yaani mara tano. Kwenye mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100 huhitaji kilo 22.5, yaani mara tisa. Lori lililohitaji kilo 7.5 kwenye uwanda huhitaji kilo 27.5 kwenye mwinuko huo, ambazo hazifiki hata mara nne. Ile faida ya reli huliwa na kilima.

Watunzi wa mchezo wa Railroad Tycoon waliliweka jambo hili ndani ya kanuni zao. Treni ipandapo hupunguza mwendo, na mchezaji huonyeshwa ukali wa mwinuko anapotandika njia. Hana budi kuchagua. Aweza kupita moja kwa moja juu ya kilima kwa gharama ndogo ya ujenzi na kubwa ya uendeshaji. Aweza pia kuzunguka kilima kwa njia ndefu, au kukitoboa kwa fedha nyingi. Madaraja nayo ni hivyo. Daraja la mbao ni la bei nafuu, lakini mafuriko hulichukua. La mawe hudumu, lakini huzimaliza fedha za mwanzo.

Mtu aijuaye Ngara ataliona tatizo hilo mara moja. Mji wa Ngara umekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na chini yake mito ya Ruvubu na Kagera imechimba mabonde yenye kuta kali. Biharamulo ina nchi iliyo wazi zaidi upande wa kusini. Ndiyo maana mchoro wowote wa njia itokayo Isaka huelekea kufuata mapito ya Nyakanazi na Lusahunga, ukitafuta mabonde kabla ya kuukabili Mto Kagera. Watu wa mji wa Ngara wasishangae wakisikia stesheni imechorwa bondeni, mbali na soko lao.

Njia iliyowaza kuja tangu mwaka 1914

Wazo la reli ya kuja huku si jipya. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo 1914 Wajerumani walianza kazi ya njia nyingine, ya urefu wa zaidi ya kilomita 400, kutoka Tabora hadi kwenye kona ya Mto Kagera, karibu na mahali Rusumo ilipo leo. Shabaha yao ilikuwa Rwanda, iliyokuwa na watu wengi na mazao. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi wa Agosti, kazi ilikatika.

Baada ya vita hiyo mipaka ilibadilika. Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya Ubelgiji, na Tanganyika chini ya Uingereza. Njia iliyokuwa ya ndani ya koloni moja sasa ingevuka mpaka wa dola mbili. Waingereza walipojenga tena kutoka Tabora, waliipeleka reli Mwanza, ikafika huko mwaka 1928, ili ichukue pamba na mazao mengine ya Usukuma. Mchezaji yeyote wa Railroad Tycoon angefanya vivyo hivyo, kwa kuwa mzigo ulionekana Mwanza, ilhali upande wa Kagera ulikuwa umekatwa na mpaka.

Katika miaka ya karibuni wazo hilo limerudi. Upembuzi umefanywa wa njia ya kutoka Isaka hadi Kigali, yenye tawi la kupitia Keza, wilayani Ngara, hadi Gitega na Musongati nchini Burundi, ambako pia kuna nikeli. Wakati huohuo reli mpya ya umeme imekuwa ikisogea kutoka pwani. Treni za abiria zilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, na huduma ya hadi Dodoma ilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Lakini mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa kujenga njia ya kwenda Musongati kutokea Uvinza, mkoani Kigoma. Kwa lugha ya mchezo wetu, mzigo wa Musongati umepata njia nyingine, na tawi la Keza lazima sasa lihesabiwe upya. Hesabu hiyo itaegemea zaidi mizigo ya Rwanda na nikeli ya Ngara yenyewe.

Yasiyohesabiwa na mchezo

Hapa yafaa msomaji awe mwangalifu. Kielelezo hujibu maswali yaliyowekwa ndani yake tu. Mchezo wa reli hupima kitu kimoja, nacho ni fedha ziingiazo na kutoka katika mfuko wa shirika. Kisichoingia katika mfuko huo, kwa kompyuta hakipo.

Historia yetu ina mifano miwili iliyo kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walijenga reli ya kusini kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea. Mpango ulivunjika mwaka 1951, karanga hazikupatikana kwa wingi uliotazamiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli hiyo ilifungwa na kung'olewa. Kanuni za mchezo zingetabiri mwisho huo bila shida, maana ile ilikuwa njia iliyojengwa kwa mzigo wa kufikirika.

Mfano wa pili ni reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya miaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wameona kwamba reli hiyo haitalipa. Kwa hesabu ya shirika peke yake walikuwa na hoja, na shida za fedha zilizoipata TAZARA baadaye ni ushahidi. Lakini Zambia wakati ule ilikuwa ikipitisha shaba yake katika nchi zilizotawaliwa na walowezi wa kusini, na uhuru wa nchi hauna safu katika daftari la mapato. Wala tusisahau kwamba mkopo usio na riba huifuta ile kanuni ya tatu, ambayo ndiyo huua mashirika mengi ndani ya mchezo.

Ngara nayo ina mfano wake, ambao ni wa huzuni. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi na kukaa Benako. Mahema, chakula, dawa na vyombo vya maji vilipaswa kufika kwa malori, kwa barabara ndefu, siku hadi siku. Wakazi wa Ngara waliona kuni zikiisha, visima vikikauka na barabara zikiharibika. Mzigo wa namna hiyo haumo katika orodha ya mizigo ya mchezo wowote tulioutaja. Hakuna mteja aulipiaye, na hakuna faida ipatikanayo. Lakini mtu anayeamua kama wilaya ya mpakani ifikiwe na reli, hana haki ya kuusahau.

Tena yako mambo madogo ya kila siku. Katika mchezo, ardhi huwa mali ya shirika kwa kubonyeza kitufe. Katika kijiji cha Biharamulo, tuta la reli hupita juu ya mgomba wa mtu, kaburi la mzazi wake na njia ya ng'ombe kwenda majini, na fidia, vivuko na mashauriano huchukua miaka. Vilevile mkulima wa maharage wa Ngara, ambaye gunia lake litauzwa kwa bei nzuri zaidi kwa sababu usafiri umekuwa rahisi, hupata faida ambayo haimo katika mizania ya shirika la reli.

Kucheza kwa karatasi na maharage

Walimu na wanafunzi wasio na kompyuta wanaweza kuucheza mchezo huu mezani. Chukua karatasi ya miraba. Weka Isaka pembeni upande wa kusini-mashariki, kisha Nyakanazi, Lusahunga, mji wa Biharamulo, Ngara, Kabanga na Rusumo, kila mahali pake kwa kadiri ya ramani. Tia rangi miraba ya vilima. Kila mraba wa uwanda ugharimu sarafu 10 kujenga, na wa kilima sarafu 30. Mkopo ulipiwe riba ya sarafu 5 kwa kila 100, kila mwaka.

Punje za maharage ziwe tani. Kila mwaka weka punje 20 Isaka za kwenda Rusumo, na punje 6 Rusumo za kwenda Isaka. Makundi mawili yajenge njia zao na kuandika hesabu ya miaka 10. Kisha rudieni mchezo, mkiongeza punje 12 za nikeli pale Kabanga kuanzia mwaka wa nne, mwone ni kundi gani lililokuwa limejenga mahali panapofaa. Mara ya tatu, wekeni mtu mmoja awe mwakilishi wa vijiji, mwenye haki ya kudai fidia na vivuko kabla njia haijapita. Wachezaji wataona upesi kwamba kila badiliko la kanuni huizaa ramani nyingine.

Hilo ndilo fundisho la kubaki nalo. Siku wataalamu watakapofika Ngara au Biharamulo na michoro yao, mwananchi aliyeifanya hesabu hii kwa mikono yake hatauliza tu reli itakuja lini. Atauliza mabehewa yatarudi na nini, deni litalipwa na nani na kwa riba gani, stesheni itakuwa bondeni au karibu na soko, na ni faida zipi za wananchi zilizoandikwa au kuachwa nje ya daftari. Maswali hayo yana majibu ya tarakimu, na mwananchi ana haki ya kuonyeshwa tarakimu hizo kabla taruma la kwanza halijalazwa.